Kesho Yake Haimo Kwenye Ripoti

Ulipita. Usiniambie hukupita. Nyumba namba arobaini na moja, kando ya mfereji, ile yenye vyungu viwili vya maua dirishani na pazia lililofungwa mchana kweupe. Mtaa huu hatufungi mapazia. Anayepita anatuona tukila viazi, tukigombana, tukisinzia mbele ya televisheni, na hakuna anayejali. Kwa hiyo pazia lililofungwa saa tano asubuhi uliliona vizuri sana. Uliliona, ukainama ukajifanya unaangalia mnyororo wa baiskeli yako, ukaongeza mwendo. Safari ya pili ukapitia ng'ambo ya mfereji. Nakukumbusha kwa sababu huku kwetu kuna watu wasiosahau, na kwa sababu aliyelala nyuma ya pazia hilo ndiye aliyemfundisha mwanao kuzidisha na kugawanya.

Anaitwa Hilje Wubbena, mwalimu. Miaka ishirini na mitatu katika shule ileile ya msingi, darasa lilelile la watoto wa miaka kumi. Miaka miwili iliyopita aliambukizwa korona na mtoto aliyekohoa juu ya daftari lake la hesabu. Alilala wiki moja, homa ikashuka, na sisi sote tukasema amepona. Hakupona. Akipanda ngazi leo anaanguka kesho. Akicheka sana leo, kesho hawezi kuinua kikombe. Hilo neno kesho lishike vizuri, maana wakubwa wote watakaotajwa humu walilitupa.

Barua ilifika siku ya Ijumaa. Mshahara wa mgonjwa hukoma miaka miwili ikitimia, na baada ya hapo ni bima ya serikali, ikiwa daktari wa bima ataamini kwamba unaumwa. Na kabla hajaamini alitaka kipimo.

"Baiskeli," Hilje alisema. Alikuwa amelala kwenye kochi, barua juu ya kifua. "Wananipandisha baiskeli, Roelf. Hospitalini, Jumanne."

Roelf, mumewe, anaendesha lori la viazi vya kiwandani. Ni mtu wa maneno machache, tena ya polepole. "Dakika ngapi?"

"Mpaka nishindwe. Wameandika hivyo hivyo. Mpaka mhusika ashindwe kuendelea."

Roelf aliichukua barua akaisoma mara mbili, midomo ikimcheza. Alikuwa akikumbuka siku ya kuzaliwa ya binti yao, mwezi Machi. Hilje alikaa kwenye duara la viti pamoja na wageni kwa saa moja, akakata keki, akauliza habari za kila mtu. Saa moja tu. Wiki tatu zilizofuata Roelf alimlisha uji kwa kijiko.

"Na ukishindwa halafu usirudi?" aliuliza.

"Usiseme hivyo mbele ya mtoto."

"Mtoto ana miaka kumi na sita," Eske alisema kutoka jikoni, "na amesikia."

Mlango wa nyuma ukafunguka, akaingia Siebolt, baba yake Roelf, mzee wa miaka themanini na mmoja, na fungu la vitunguu vya majani kwapani. Alisoma barua akiwa amesimama, akacheka hadi kifua kikamlia filimbi. Kifua chake hulia filimbi tangu enzi za kiwanda cha maboksi.

"Baiskeli! Binti yangu, wewe ulijua kuendesha baiskeli kabla hujajua kusema. Utawafikisha Ujerumani hao."

"Haiendi popote, baba. Imefungwa sakafuni."

"Basi afadhali. Hakuna upepo wa mbele."

Walicheka wote wanne. Kisha Hilje akanyamaza ghafla na kufumba macho, na waliobaki wakanyamaza naye, kama watu waliokuwa wakicheza na moto wakakumbuka nyumba ni ya mbao.

"Msiogope," Siebolt alisema kwa sauti ya chini. "Kiwandani kila mwaka walitupulizisha kwenye bomba. Dakika moja, kwisha. Hakuna..." Akakatiza hapo. Akaweka vitunguu mezani akaanza kuvipanga, na hakuna aliyemuuliza alitaka kusema nini.

* * *

Chumba cha kipimo hakikuwa na dirisha. Msichana wa kipimo aliitwa Jorien, mchangamfu kupita kiasi, na huo uchangamfu ndio uliotuponza. Alimbandika Hilje nyaya kumi kifuani, akamkalisha juu ya tandiko, akamvika barakoa ya mpira iliyobana pua na mdomo na kuungwa kwa bomba kwenye mashine.

"Ukiwa na hii hutaweza kusema, Bi Wubbena. Kwa hiyo kila baada ya dakika mbili nitakuonyesha ubao huu wa namba. Sifuri ni kama umekaa nyumbani. Kumi ni mwisho wa nguvu zako zote. Wewe unanyoosha kidole tu. Tumeelewana?"

Hilje alitikisa kichwa kukubali. Roelf alikuwa nyuma ya kioo, koti la mkewe mkononi.

Akaanza. Ile baiskeli inakuwa nzito kidogo kidogo, kila dakika zaidi, kama unapoendesha juu ya tuta mwezi wa Novemba na upepo wa bahari ukikukaba uso. Dakika ya pili kidole kilikwenda kwenye tatu. Dakika ya nne, nne. Dakika ya sita moyo ulikuwa unampiga hadi kwenye meno, na ile barakoa ikawa kama kiganja cha mtu. Nitafia humu, aliwaza. Nitafia humu na siwezi hata kuwaambia. Kuta zikaanza kusogea. Jorien akaleta ubao tena, dakika ya nane, na kidole cha Hilje kikagusa sita.

Sita! Wewe uliyesoma shule zetu unajua sita ni nini. Sita ni umepita. Saba ni vizuri. Nane, bibi yako anapigiwa simu. Kumi haipo. Katika miaka ishirini na mitatu Hilje hakumpa mtoto yeyote kumi. Yule binti wa nyumba namba kumi na mbili aliandika imla kurasa mbili bila kosa hata moja, akapewa tisa na nusu, kwa sababu, Hilje alimwambia, daima kuna nafasi ya kujitahidi. Ndivyo tulivyolelewa kando ya mfereji huu: usijikweze, usilie, usijipe namba ya juu katika jambo lolote, hata maumivu. Na sasa mwanamke aliyekuwa karibu kuzimia akajipa alama ya kupita mtihani.

"Vizuri sana!" Jorien alipaza sauti. "Bado nguvu unazo! Dakika moja tena! Usiniangushe, Bi Wubbena!"

Na mwalimu yupi anaweza kumwangusha kijana anayemshangilia? Akasukuma. Dakika tisa na nusu. Alipoteremshwa miguu haikumtii, midomo imepoteza rangi, jasho linadondoka kwenye nyaya.

"Umefanya vizuri kuliko nilivyotarajia," Jorien alisema.

Na Hilje akafurahi. Silifichi hilo, maana ndilo linaloniuma kuliko yote. Korido nzima alitabasamu kwenye kiti cha magurudumu. "Nimepita," alimwambia mumewe.

Roelf alimvalisha koti mkono mmoja baada ya mwingine. "Umepita nini, Hilje?"



* * *

Kesho yake, Jumatano, Eske alirudi kutoka shule saa tisa alasiri, akamkuta mama yake kwenye ngazi ya ndani, daraja la nne kutoka chini, ameegemea ukuta, macho wazi.

"Mama? Unafanya nini hapo?"

"Nimekaa." Sauti ilikuwa ya mtu aliye chumba cha mbali.

"Tangu saa ngapi?"

Hilje alifikiri muda mrefu. "Roelf alikuwa ndiyo kwanza ametoka."

Roelf alikuwa ametoka saa mbili. Kwa saa saba Hilje alikuwa amekaa hapo, mikono juu ya magoti, hawezi kupanda, hawezi kushuka. Alikuwa amejikojolea. Eske aliliona hilo akajifanya hakuliona, akavua sweta lake akamfunika mama yake mapajani.

"Kwa nini hukupiga simu?"

"Simu iko juu."

Babake alipofika walimbeba pamoja. Mwanga ulimchoma, wakafunga pazia. Mlio wa kijiko kwenye sahani ulimchoma, wakaanza kulia chakula kwenye banda la baiskeli, baba na binti, sahani magotini. Hayo ndiyo yaliyokuwa nyuma ya pazia siku ile ulipopita.

Eske ndiye aliyegundua. Wagonjwa wa aina hii wameenea nchi nzima, wanaandikiana wakiwa wamelala, simu juu ya uso, maneno matano kwa siku. Kwao alijifunza kwamba kuna mahali wanapima mara mbili: leo, na kesho saa ileile, baiskeli ileile. Siku ya kwanza mtu anaweza kukopa nguvu asizokuwa nazo. Siku ya pili hana pa kukopa.

Roelf alipiga simu hospitalini. Akazungushwa kwa watu watatu. Wa tatu akamwambia, kwa adabu kabisa, kwamba ofisi ya bima ilikuwa imeagiza siku moja, na siku moja imetolewa.

* * *

Baada ya wiki sita waliitwa kwa daktari wa bima. Ukumbi wa kungojea ulikuwa na viti ishirini vya plastiki na hakuna mtu. Hilje alilala juu ya vitatu, uso chini ya kofia, kwa sababu akikaa wima damu humkimbia kichwani.

"Samahani, bibi," mwanamke wa dirishani alisema. "Viti ni vya kukalia. Kuna watu wengine."

Roelf aligeuka kuutazama ukumbi. "Wapi?"

"Wanaweza kuja."

Hilje akaketi.

Daktari alikuwa mtu mpole, mwenye sweta, na picha ya mbwa juu ya meza. Sisi tunaotoka kwenye familia za kiwanda tunawaogopa wapole kuliko wakali. "Habari yako leo, Bi Wubbena?"

"Inakwenda," Hilje alisema.

Kila mtu hapa kwetu husema inakwenda. Hata mtu akiwa anatoka makaburini. Daktari aliliandika neno hilo kwenye kompyuta, na Eske aliona vidole vyake vikiliandika, akamfinya babake mkono.

"Nimesoma ripoti ya kipimo," daktari alisema. "Nina habari njema. Moyo mzuri. Mapafu mazuri. Uwezo wako ni asilimia tisini na mbili ya mwanamke wa umri wako. Mimi mwenyewe sijui kama ningeyafikia hayo." Akatabasamu. "Na mwenyewe umesema uzito wa kazi ulikuwa sita. Mtu aliyefika mwisho wa nguvu zake hasemi sita."

"Mimi sita yangu..." Hilje alianza. Akatafuta maneno, hayakuja. Ndivyo ugonjwa wenyewe ulivyo, unakunyang'anya maneno ya kuuelezea. "Shuleni kwetu sita ni..."

"Hapa hatuko shuleni."

"Na kesho yake?" Roelf aliuliza.

"Samahani?"

"Kipimo kilikuwa Jumanne. Jumatano alikaa kwenye ngazi kwa saa saba. Mke wangu alijikojolea kwenye ngazi, daktari." Hajawahi kusema sentensi kama hiyo mbele ya mgeni, na masikio yalimwiva. "Nauliza, uliiangalia Jumatano?"

Daktari alifungua ukurasa mmoja, akafungua mwingine. Alitafuta kweli, simsingizii. "Kesho yake haimo kwenye ripoti," alisema.

Uamuzi ulikuja baada ya siku nane: anaweza kufanya kazi saa thelathini na mbili kwa wiki. Na kazi zenyewe zilikuwa zimeorodheshwa: mlinzi wa maegesho, mfungashaji wa biskuti, mpokea simu. Bima hapewi. Akitaka kupinga ana wiki sita, na alete ushahidi mpya.

* * *

Ushahidi mpya ulikuwa mmoja tu, na wote wanne waliujua. Watatu walikuwa jikoni Jumapili ile, mlango wa chumba cha Hilje ukiwa umeachwa wazi kidogo ili naye asikie.

"Hapana," Roelf alisema. "Siku moja imemlaza mwezi mzima. Unataka nimpeleke akapimwe siku mbili? Ili tuthibitishe kwamba inamuua, tumuue?"

"Bila hiyo ripoti hawamwamini, baba," Eske alisema.

"Nitafanya kazi Jumamosi na Jumapili. Tutauza nyumba."

"Na akibaki hivi miaka kumi? Atakuwa mlinzi wa maegesho akiwa kitandani?"

"Usinijibu hivyo."

"Sikujibu. Naogopa!"

Siebolt alikuwa hajagusa kahawa yake. "Walitupima Jumatatu," alisema.

Walimgeukia.

"Kile kiwanda cha maboksi. Mabua ya ngano tuliyotengenezea maboksi yalikuwa yanakuja kwa mashua, makavu, na vumbi lake lilikuwa jeupe hewani kama ukungu. Ijumaa jioni sikuweza kupanda ngazi ya mita mbili. Kaka yangu Harm alikuwa anapumzika mara tatu kati ya lango na nyumbani, na nyumbani palikuwa pale." Akaonyesha kwa kidole, dirishani, ng'ambo. "Sasa daktari wa kiwanda alikuja na bomba lake kila mwaka. Jumatatu asubuhi. Tumelala Jumapili nzima, tumevuta hewa safi, tumekunywa maziwa. Unapuliza: mzima! Miaka kumi na minne tumepuliza Jumatatu, wote wazima. Harm alipuliza Jumatatu ya Mei akaambiwa ana mapafu ya farasi. Agosti tukamzika."

"Hukuwahi kutuambia," Roelf alisema.

"Kwa sababu nilikuwa kwenye kamati ya wafanyakazi! Harm aliniomba niseme, wapime Ijumaa. Neno moja tu. Nikamwambia acha kulialia, watu watatuona sisi walegevu." Filimbi ya kifua ilisikika jikoni kote. "Na juzi hapa nimemtania mgonjwa kuhusu upepo wa mbele. Mzee mpumbavu."

Kutoka chumbani sauti ilisikika, ndogo. Ilibidi Eske aende hadi mlangoni ili aisikie.

"Amesema nini?" Roelf aliuliza.

"Amesema, 'Nipelekeni Ijumaa.'"

* * *

Kliniki ilikuwa kusini, mwendo wa saa tatu kwa gari, na si ya bure. Waliuza karavani, nyumba yao ndogo ya kukokotwa na gari, ile ya rangi ya maziwa iliyosimama uani, waliyokuwa wakienda nayo visiwani kila Julai tangu Eske hajaota meno. Mnunuzi aliizunguka mara nne, akapiga teke magurudumu, akataka punguzo kwa sababu ya doa la kahawa kwenye godoro. "Naona mna haraka ya kuuza," alisema. Roelf alimpa punguzo. Godoro lenyewe aliling'oa akalibakiza, akalilaza nyuma ya gari la kuazima, na juu yake akamlaza mkewe, macho yamefunikwa kitambaa, masikio yamezibwa.

Siku ya kwanza alipimwa na mtu mzima aliyeitwa Wessel, mpole naye, lakini wa namna nyingine. Hakumshangilia. Dakika nane. Kidole kikaenda kwenye saba.

Alasiri, kwenye chumba cha hoteli kando ya barabara kuu, Eske alilala sakafuni karibu na kitanda, midomo kwenye sikio la mama yake.

"Saba, mama? Uso ulikuwa umekupauka."

"Nane basi."

"Kesho utasema kumi."

"Nikitoa kumi, mtoto amebakiwa na nini cha kujifunza?"

"Wewe si mtoto. Na si daftari. Haya, rudia nyuma yangu. Kumi."

"Tisa."

"Kumi."

"Tisa na nusu," Hilje alisema, na binti akacheka kwa pumzi tu, na mama akacheka kwa pumzi tu, halafu mama hakuweza kuacha kutetemeka. Ilianza kwenye taya, ikashuka mikononi. Eske alimshika vifundo vya mikono akahesabu mapigo: mia na thelathini kwa dakika, naye amelala chali, kimya.

"Tusimamishe," Roelf alisema kutoka dirishani. Alikuwa amewapa mgongo. "Hilje. Ukitaka tusimamishe, inua kidole."

Walivitazama vidole vyake. Havikuinuka. Na hadi leo Roelf hajui kama hakutaka kukiinua au hakuweza.

Kesho yake saa ileile walimpandisha juu ya tandiko watu wawili. Barakoa, nyaya, bomba. Wessel alisema, "Bi Wubbena, mimi ninazitazama namba, wewe endesha tu unavyoweza." Dakika ya kwanza miguu ilizunguka. Dakika ya pili Wessel alileta ubao wa namba mbele ya uso wake, akangoja. Mkono haukutoka kwenye usukani. Akangoja tena. Nyuma ya kioo Eske alikuwa akisema kumi, kumi, kumi, bila sauti, pumzi yake ikitia ukungu kwenye kioo. Macho ya Hilje yalikuwa kwenye ubao lakini hayakuwa yakisoma kitu. Dakika ya tatu kichwa kikaanza kuinama upande mmoja, na miguu ikawa inazungushwa na baiskeli badala ya kuizungusha.

Dakika ya nne Wessel alizima mashine mwenyewe.

"Nimeona," alisema. Akamfungua barakoa, akamshika asianguke. "Nimeona, bibi. Imetosha."

Kwenye ripoti uwezo wa siku ya pili umeshuka zaidi ya theluthi. Na kwenye safu ya ubao wa namba, Wessel ameandika kwa mkono: hakuweza kuonyesha.

* * *

Basi ushahidi upo. Umechapwa, kurasa sita, uko juu ya friji chini ya kisumaku chenye umbo la klompen, kile kiatu cha mbao. Na aliyeulipia hajatoka chumbani wiki ya kumi na moja sasa. Haongei tena. Anakunywa kwa mrija. Roelf anaingia bila viatu. Kila asubuhi Eske anaufungua mkono wa mama yake na kuuliza kwa kidole, na Hilje anajibu kwa kugonga kiganja cha binti yake: anaumia kiasi gani leo, moja mpaka kumi. Wiki ya kwanza aligonga mara sita. Wiki ya tano, saba. Alikuwa bado anajinyima alama, yule mwanamke, gizani, mbele ya mtoto wake mwenyewe.

Jumanne barua ilifika. Pingamizi litasikilizwa Alhamisi ya wiki ijayo, saa nne asubuhi, ghorofa ya tatu. Mwombaji afike mwenyewe ili aeleze ripoti mpya aliyoileta. Asipofika, uamuzi utatolewa kwa kutumia ripoti iliyopo, na iliyopo, kwao, ni ile yenye alama ya sita. Roelf alipiga simu. Aliuliza, je, daktari anaweza kuja nyumbani? Hana nafasi ya safari. Je, mume anaweza kueleza badala yake? Inapendekezwa afike mwenyewe. "Hawezi kustahimili mlio wa kijiko," Roelf alisema kwenye simu. "Unanielewa? Kijiko." Sauti ile ikamtakia siku njema.

Juzi, Jumatano asubuhi, Eske aliufungua mkono. Hilje aligonga mara tisa. Eske akadhani amemaliza, akaanza kuukunja ule mkono taratibu. Mama yake akavuta pumzi, akapumzika, akagonga tena mara moja.

Eske alitoka, akaenda kwenye banda la baiskeli, akaketi chini. Siebolt alimkuta hapo. Alipoambiwa, mzee alivua kofia, akasema ataipanda ile ghorofa ya tatu yeye mwenyewe, na mapafu yake ya mabua, hata kama atapumzika kila daraja. Atawaambia nini, hajui. Sauti yake haitoshi, na anajua. Miaka hamsini iliyopita hakuitoa kabisa, kwa sababu alikuwa peke yake na akaona haya.

Sasa wewe. Ndiyo, wewe wa mnyororo wa baiskeli. Miguu unayo. Pumzi unayo, umeisoma hadithi hii bila kusimama. Usilete maua, yananukia na yatamwumiza. Usilete kadi. Alhamisi saa tatu u nusu uwe mbele ya ile ofisi, na mjulishe jirani, na umshike mkono yule mzee mkipanda. Wakikwambia viti ni vya watu wengine, waambie watu wengine wamekuja. Panda hadi ghorofa ya tatu. Gonga. Uliza swali moja tu: na kesho yake? Wakitafuta kwenye kurasa, wangoje watafute. Wakikutakia siku njema, usishuke. Kaeni ngazini, daraja la nne kutoka chini na yote yaliyo juu yake, kwa saa saba kama alivyokaa yeye, mpaka mtu achukue kalamu aiandike.